Dizeli mpya inakula mafuta: pa kutafuta sababu kabla ya kuigusa injini

Mwenye pikapu mpya ya dizeli huanza kulalamika mapema. Brosha iliahidi kilomita 13 kwa lita, yeye anapata 9, na fundi wa jirani ameshasema nozeli zifunguliwe. Zisifunguliwe. Katika gari ambalo halijafika hata kilomita 10,000, injini ndiyo mshukiwa wa mwisho. Kabla yake kuna kipimo kibaya, jamu, matairi, breki inayoshika, mafuta yenyewe, na namna gari lilivyoendeshwa katika kilomita zake za kwanza. Ukizifuata dalili kwa mpangilio uliopo hapa, siku utakapofika kwenye injini utakuwa na sababu ya kufika.

Kwanza hakikisha tatizo lipo

Namba ya brosha hupatikana maabara, gari likiwa juu ya rola, bila mzigo na bila mtu anayekatiza na boda boda mbele yako. Kupata pungufu ya namba hiyo kwa asilimia 15 hadi 30 barabarani ni jambo la kawaida. Ukiahidiwa 13 na unapata 10, huna ugonjwa wa kutibu.

Kompyuta ya dashibodi nayo isikudanganye. Hukadiria mafuta kwa kuhesabu muda ambao nozeli zimefunguka, na mara nyingi hulisifu gari kuliko pampu inavyolisifu. Pima kwa pampu.

Nenda kituo kimoja, pampu ile ile, gari likiwa mahali tambarare. Jaza hadi mdomo wa pampu ujikate. Dizeli hutoa povu jingi, na mdomo hujikata povu linapougusa, kwa hiyo subiri dakika moja litulie, ongeza polepole hadi ujikate tena, kisha acha hapo. Usimruhusu mhudumu aendelee kuongeza ili kufikisha hesabu ya shilingi isiyo na chenji. Rudisha kipima safari kwenye sifuri, andika lita, endesha kama unavyoendesha siku zote, na urudie kwa matangi matatu mfululizo. Gawa kilomita zote kwa lita zote: kilomita 1,890 kwa lita 186 ni kilomita 10.2 kwa lita.

Kwa nini matangi matatu? Kosa la lita tatu katika kujaza ni rahisi kutokea. Kwenye lita 30 kosa hilo ni asilimia 10, na linatosha kukupeleka gereji bila sababu. Kwenye lita 186 halifiki asilimia 2.

Angalia pia matairi kama yamebadilishwa. Watu wengi huondoa 265/65R17 yaliyokuja na gari na kuweka 265/70R17 ili gari liinuke kidogo. Kipenyo kinaongezeka kutoka milimita 776 hadi 803, yaani asilimia 3.4. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo kipima kilomita kinaandika 967 wakati gari limekwenda 1,000. Hesabu yako itaonyesha gari linakula zaidi kuliko ukweli. Zidisha kilomita kwa 1.034 kabla ya kugawa.

Kuhusu kujaza alfajiri kwa sababu mafuta ni baridi na mazito: dizeli hutanuka takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na tangi la kituo limefukiwa ardhini ambako joto halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Lala tu, jaza utakapoamka.

Dalili: mjini ni mbaya, safari ndefu ni nzuri

Hii ndiyo malalamiko mengi ya Kampala, na jibu lake lipo kwenye saa wala si kwenye kilomita. Injini ya dizeli ya lita 2.4 hadi 2.8 ikiunguruma gari limesimama hutumia takriban lita 0.8 kwa saa, na zaidi AC ikiwa imewashwa. Ukikaa kwenye jamu saa mbili kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hizo ni lita 40 ambazo hazikukusogeza hata hatua. Gari linalotoa kilomita 12 kwa lita kuelekea Masaka linaweza kutoa 8 kati ya Ntinda na katikati ya mji, na yote mawili yakawa kweli.

Ongeza safari fupi. Dizeli hupata joto taratibu kuliko petroli, na oili ya injini huchelewa kuliko maji. Safari ya kilomita nne kwenda shule na kurudi inaisha kabla oili haijawa nyepesi, na gia na difu (gia za ekseli) zinabaki na oili nzito muda wote. Pima safari ya barabara kuu peke yake, angalau kilomita 200. Kama hapo ni nzuri, gari ni zima.

Dalili: gari jipya kabisa, ulaji uko juu kila mahali

Chini ya kilomita 1,500 usihukumu. Ringi za pistoni bado hazijakaa, na beringi, gia, difu, pedi za breki na matairi yenye kashata nzima vyote vinakwaruzana zaidi kuliko vitakavyokwaruzana baadaye. Ulaji huendelea kushuka kidogo kidogo, asilimia chache, hadi kati ya kilomita 10,000 na 15,000. Kinachofaa kuangaliwa ni mwelekeo: tangi la tatu liwe bora kuliko la kwanza, la kumi bora kuliko la tatu.

Kosa linalofanyika wakati huu mara nyingi ni upole uliozidi. Mwenye gari amesikia kwamba injini mpya inaonewa huruma, basi anaiwasha asubuhi iungurume nusu saa, anatembea nayo kilomita 50 kwa saa gia ya tano, na haikanyagi hata kwenye mlima. Hapo ndipo dizeli inapoharibiwa. Ukuta wa silinda kiwandani huchorwa mistari myembamba inayokatizana, ambayo hushika oili na kusugua ringi hadi zifanane na ukuta. Lakini kinachozisukuma ringi zibane ukuta ni mgandamizo wa gesi inayowaka, unaopita nyuma ya ringi. Bila mzigo hakuna mgandamizo wa kutosha. Oili inabaki ukutani, inaungua, inageuka kuwa tabaka gumu linalong'aa kama vanishi. Mistari inazibwa, na ringi zinashindwa kukaa vizuri.

Basi kuizoesha injini mpya ni kuipa kazi ya kadiri, inayobadilikabadilika. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, lakini mfano wa maelekezo ya Toyota kwa pikapu zake ni huu: kilomita 300 za kwanza epuka breki za ghafla, kilomita 800 za kwanza usivute trela, kilomita 1,000 za kwanza usiende kasi kubwa sana, usikanyage ghafla, usikae muda mrefu gia ndogo, na usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Ukiwa barabarani, fanya hivi:

- Washa, subiri sekunde 20 hadi 30 oili ifike juu kwenye turbo, ondoka taratibu. Usiikanyage kabla sindano ya joto haijafika mahali pake.
- Baada ya kupata joto, fanyia kazi kati ya mizunguko 1,500 na 2,800 ya injini kwa dakika. Chini ya 1,300 huku mguu ukiwa chini kabisa, injini inapigwa: masizi yanaongezeka, na klachi na flaiwili vinabeba mtikisiko wote.
- Kwenye mlima wa kawaida, kanyaga nusu hadi robo tatu, gia ya nne, gari lipande kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa. Kisha achia mguu, gari lijishike lenyewe kwa gia. Rudia mara kadhaa katika safari. Kukanyaga kunabana ringi, kuachia kunazipa nafasi ya kupoa.
- Kilomita 1,500 zikipita, ongeza mzigo hatua kwa hatua. Usianze na tani moja ya matoke kutoka Mbarara siku ya kwanza.

Barabara ya Kampala kwenda Masaka inafaa kwa kazi hii kuliko nyingi: kuna vilima, kuna tambarare ya Lukaya, na matuta ya senta kama Mpigi na Kayabwe yanakulazimisha kubadili mwendo hata usipotaka. Barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, pamoja na uzuri wake, inakushawishi kushika kilomita 100 kwa saa bila kubadilisha kitu. Ukiitumia, badili mwendo mwenyewe, na uiache kruzi kontroo izimwe.

Usimwage oili ya kiwandani kabla ya wakati kwa sababu mtu amesema ni oili chafu, na usiweke dawa za kulainisha za chupa. Dawa ya kupunguza msuguano huzuia msuguano ule ule unaouhitaji ringi zikae. Servisi ya kwanza mwombe fundi aonyeshe filta ya zamani. Mng'aro hafifu kwenye oili ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa vidole si vya kawaida, na hapo gari linabaki kwa aliyekuuzia.

Dalili: kilomita 5,000 zimepita, oili inashuka, moshi wa bluu unaonekana

Watengenezaji kadhaa huvumilia hadi nusu lita ya oili kwa kila kilomita 1,000, hasa injini ikiwa mpya. Pima kwa haki: gari tambarare, injini ya moto, izime na usubiri dakika tano hadi kumi, futa kijiti, chovya, soma. Jaza hadi alama ya juu, endesha kilomita 1,000, pima tena mahali pale pale. Kijiti kilichosomwa kwenye mteremko wa Kololo hakina ushahidi wowote.

Kama inapotea zaidi ya kiwango na hakuna tone chini ya gari, angalia kwanza mpira unaotoka turbo kwenda kwenye intakula, yaani kipoza hewa. Utando wa oili ndani yake ni wa kawaida. Oili inayotiririka ukiuinamisha inaelekeza kwenye turbo au kwenye hewa ya injini inayorudishwa, na kosa hilo lina dhamana. Kama mpira ni mkavu na gari lina historia ya kuungurumishwa bure au kutembezwa kama yai, ringi hazijakaa. Bado si wakati wa kufungua. Badilisha oili kwa daraja lililoandikwa kitabuni, kisha lipe gari safari mbili au tatu za kilomita 200 zenye vilima, likiwa na mzigo wa wastani, ukikanyaga na kuachia kama ilivyoelezwa juu. Chini ya kilomita 10,000 silinda nyingi bado hurudi. Ukichelewa hadi 30,000, nafasi hiyo huwa imekwisha kwa sehemu kubwa.

Dalili: ulaji unapanda kila baada ya muda, feni inaendelea kulia ukizima, kuna harufu ya moto

Hapa jua kwanza kama gari lako lina kichujio cha masizi, ambacho mafundi wanakiita DPF. Pikapu nyingi zinazouzwa mpya kwa soko la Afrika Mashariki hazina. Magari yaliyoagizwa kutoka Japani na Uingereza, kama Mazda CX-5 ya dizeli, yanacho. Kwa anayenunua gari la namna hiyo, ambalo kwake ni jipya ingawa lilishatembea kwingine, sehemu hii ina uzito kuliko zote.

Kichujio kinakusanya masizi kwenye bomba la moshi. Kikijaa kiasi fulani, kila baada ya kilomita mia chache, kompyuta huchoma masizi hayo kwa kupuliza dizeli ya ziada wakati pistoni inashuka, joto ndani ya kichujio lifike takriban nyuzi 600. Kazi hiyo huchukua dakika 10 hadi 20. Wakati huo utaona mizunguko ya sailensa (injini ikiunguruma gari limesimama) imepanda kidogo, kilomita kwa lita kwenye dashibodi zimeshuka, na feni inafanya kazi. Ukizima gari katikati, kazi inakatika, masizi yanabaki, na mafuta yaliyotumika yamepotea. Kesho inaanza upya. Mtu ambaye safari zake zote ni Bukoto hadi mjini anaweza kulipia kazi hiyo mara nyingi bila kuimaliza hata moja. Huo ndio ulaji wake.

Tiba ni dakika 20 za mwendo usiokatika, zaidi ya kilomita 60 kwa saa, mizunguko 2,000 au zaidi. Northern Bypass alfajiri inatosha, au barabara ya Entebbe. Fanya hivyo kila wiki, na ufanye mara moja taa ya kichujio ikiwaka bila kumetameta. Ikianza kumetameta, au ikiambatana na taa ya injini, uendeshaji peke yake mara nyingi hautoshi tena: peleka gari likachomewe kwa mashine ya uchunguzi.

Dizeli ya ziada inayopulizwa haiungui yote. Nyingine huteleza ukutani hadi kwenye oili, na kila kazi iliyokatika huongeza. Kwa hiyo oili ikipanda kwenye kijiti badala ya kushuka, usifurahi. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, hailindi beringi wala turbo. Kijiti cha Mazda ya dizeli kina alama ya X juu ya alama ya kawaida ya kujaa. Oili ikifika hapo ibadilishwe bila kungoja kilomita. Kwa gari lisilo na alama hiyo, kuzidi alama ya juu na kunuka dizeli kunatosha kuwa sababu.

Gari lenye kichujio linahitaji oili yenye majivu machache, kwa kawaida ile iliyoandikwa ACEA C2 au C3 kwenye kopo. Oili ya lori ya 15W-40 italainisha injini na kukiua kichujio polepole, kwa sababu majivu yake hayachomeki. Tena, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, lakini magari ya Ulaya na Japani ya miaka ya karibuni yaliundwa kwa dizeli ya sehemu 10. Salfa huila nguvu ya oili ya kupambana na asidi. Kitabu cha Uingereza kikisema badilisha oili kila kilomita 20,000, hapa kisome kama 5,000, usizidi 7,500.

Kuna mafundi watakaokushauri kukikata kichujio na kuweka bomba tupu. Kompyuta ambayo haikubadilishwa sawasawa itaendelea kuagiza uchomaji wa masizi yasiyokuwepo, na ulaji utabaki pale pale huku moshi ukiwa wa majirani.

Dalili: gari lilikuwa zuri, likaharibika baada ya kujaza

Kelele ya injini imebadilika, nguvu zimepungua, ulaji umepanda ndani ya tangi moja. Shuku mafuta. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ni ulaghai wa zamani, ndiyo maana Uganda ina mpango wa kuweka alama ya siri ndani ya mafuta, unaosimamiwa na wizara inayohusika na nishati pamoja na shirika la viwango la UNBS, ili wakaguzi watambue yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa ni mepesi, yana nishati pungufu kwa kila lita, na hayalainishi. Pampu ya dizeli ya kisasa inasukuma kwa bar 1,600 hadi 2,500 na inalainishwa na dizeli yenyewe. Ikikosa ulaini huo inajisaga, na unga wa chuma unaingia kwenye nozeli zote.

Chukua lita moja ya mafuta yaliyo tangini kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie saa 24. Maji yatakaa chini, uchafu utaonekana, ukungu usioisha ni maji yaliyochanganyika. Mafuta ya taa hayaonekani kwa macho. Kwa hayo tumia kipima uzito wa vimiminika: dizeli iko kati ya 0.82 na 0.87, na kikisoma chini ya 0.82 mafuta hayo yana mashaka makubwa. Hifadhi risiti na chupa.

Taa ya maji kwenye filta ikiwaka, zima injini. Weka chombo chini ya filta, legeza kizibo cha chini mzunguko mmoja au miwili, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi maji yatoke na dizeli safi ifuate. Kikombe kimoja kwa kawaida kinatosha. Kaza kwa mkono, bonyeza pampu hadi iwe ngumu, washa. Taa ikirudi ndani ya tangi lile lile, tangi lina maji na linahitaji kumwagwa. Filta ya dizeli ibadilishwe kila kilomita 10,000, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Nunua halisi: filta bandia hupitisha uchafu ambao jicho halioni na nozeli inauona.

Mhudumu akikuwekea petroli kwa makosa, usiwashe, hata swichi usiizungushe, maana pampu ya tangini huanza hapo hapo. Likisukumwa kando na tangi likamwagwa, gharama ni ya mafuta tu.

Dalili: ukiachia mguu gari linasimama upesi, halitelezi

Kitu kinalishika. Endesha kilomita kumi bila breki kali, simama taratibu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja lenye joto waziwazi kuliko wenzake lina breki inayoshika: pini ya kalipa iliyokauka, au kebo ya breki ya mkono iliyokazwa kupita kiasi. Liinue kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Mkwaruzo hafifu wa pedi mpya ni sawa; kushika si sawa.

Kwenye pikapu ya magurudumu manne ya kuchagua, angalia kama swichi imebaki 4H, yaani magurudumu yote manne yakivuta, tangu siku ya matope. Kwenye lami usukani utakuwa mzito kwenye kona na matairi yatalia.

Upepo: soma kibandiko cha mlango wa dereva, usisome namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi, hiyo ni kikomo cha tairi. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Kila psi 10 zinazokosekana hugharimu takriban asilimia 2 ya mafuta, na bega la tairi.

Na mwendo. Upepo wa mbele huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka kilomita 90 hadi 110 kwa saa upinzani wa hewa unapanda kwa karibu nusu. Keria ya juu iliyo tupu hubebwa bure, ifungue.

Dalili: moshi mweusi, nguvu hakuna mlimani

Moshi mweusi ni mafuta mengi kwa hewa kidogo. Katika gari jipya, anza na filta ya hewa. Barabara za udongo mwekundu, Karamoja au upande wowote wa nchi wakati wa kiangazi, zinaweza kuijaza ndani ya kilomita 3,000. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, upepo usiozidi bar 2, na uishike kwenye mwanga: ukiona tundu, itupe. Ukiipuliza kutoka nje unalikandamiza vumbi kwenye karatasi. Kuiosha ni kuiua.

Kisha fuata mipira ya hewa kutoka turbo hadi intakula hadi injini. Klampu iliyolegea huacha mluzi unapokanyaga na alama ya oili yenye vumbi mahali hewa inapotokea. Bisibisi inamaliza kazi.

Kimo nacho kina sehemu yake. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa asilimia 13 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, pungufu ni kama asilimia 21. Turbo hufidia sehemu kubwa ikishazunguka, lakini huchelewa kuamka, kwa hiyo chini ya mizunguko 1,600 gari linaonekana zito. Shusha gia mapema. Injini isiyo na turbo, kama ile ya lita 4.2 ya Land Cruiser za kazi, haina cha kufidia: moshi kidogo kwenye milima ya Kigezi ni hali yake.

Sindano ya joto ikikaa chini, au ikishuka kila unapoteremka, themostati imebaki wazi. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Ikikaa 65 kompyuta inadhani bado ni baridi na inaongeza mafuta.

Ukienda kwa muuzaji

Kama yote haya yamepita na mwelekeo haushuki baada ya kilomita 10,000, nenda na daftari: lita, kilomita, kituo, mzigo, njia, na vipimo vya oili. Omba vitu vitatu kwa maandishi: misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa, masahihisho ya kila nozeli wakati wa sailensa (kiasi ambacho kompyuta inaiongezea au kuipunguzia mafuta), na mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa moto. Katika masahihisho, tafuta nozeli moja iliyo mbali na wenzake. Katika mgandamizo, tofauti kati ya silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe, kwa sababu kimo cha Kampala hushusha zote kwa pamoja. Kitabu cha gereji cha gari lako kina kikomo, na kwa dizeli nyingi ndogo tofauti inayozidi bar 5 ni kosa la kudai dhamana. Kabla ya siku hiyo mtu yeyote asibadilishe programu ya kompyuta ya injini kwa ahadi ya kupunguza ulaji, kwani mabadiliko hayo huacha alama kwenye kumbukumbu, na muuzaji ataitafuta alama hiyo kabla ya kufungua boneti.